Foleni OPD (idara ya wagonjwa wa nje): kabla hamjanunua skrini na mashine ya tiketi

Mkuu, umeuliza kama hospitali yenu ya wilaya, ambayo tayari ina GoTHOMIS (mfumo wa kompyuta wa serikali wa kuendesha hospitali), inunue programu ya kupanga foleni yenye skrini na mashine ya tiketi ili wagonjwa wasikae kutwa nzima. Mimi nipo kitengo cha kumbukumbu na takwimu kwenye hospitali nyingine, yenye mfumo tofauti na wenu, na kazi ya kufuatilia muda wa wagonjwa nimeifanya. Ushauri wangu: msinunue kwanza.

Mfumo wa hospitali huandika saa kila mtu anapobonyeza kitu: mgonjwa kasajiliwa, kalipia, kipimo kimeombwa, jibu limeingizwa, dawa zimetoka. Mwambieni mtu wa TEHAMA awatolee hizo saa kwa wagonjwa wa nje wa wiki moja tu, aziweke kwenye Excel, mhesabu muda kati ya hatua na hatua. Mtashangaa. Daktari anakaa na mgonjwa dakika chache, kipimo cha haraka cha malaria kinasomeka ndani ya dakika 15 hadi 20, lakini mtu kaingia asubuhi katoka saa tisa. Muda unaliwa pale katikati, ambapo hakuna anayemshughulikia.

Kwetu palikuwa maabara. Mtaalamu anapima, anaandika kwenye rejista, kisha anangoja foleni ya kutoa damu iishe ndipo aingize majibu yote kwa mkupuo. Kipimo kimekamilika saa nne, daktari anakiona saa saba. Mgonjwa yuko benchi anadhani mashine imeharibika. Tulichobadilisha ni utaratibu tu: jibu likitoka linaingizwa papo hapo, na daktari anaona kwenye orodha yake majibu ya nani yako tayari.

Hapo likaibuka lingine. Mgonjwa wa majibu akirudi kwa daktari alikuwa anapangwa nyuma ya wapya wote, kwa hiyo ukiwahisha maabara unamhamishia tu kwenye benchi jingine. Ikabidi foleni ipangwe upya: wapya wawili, wa majibu mmoja. Wapya walinung'unika kidogo, ila wa majibu anamalizika haraka kwa sababu historia yake imeshachukuliwa.

Malipo sitayaongelea sana, wote tunayajua: kulipia kumwona daktari, urudi dirishani kulipia vipimo, urudi tena kwa dawa, na kila safari namba ya malipo mpya. Tulihamishia keshia mmoja mlango wa maabara, na zile safari za kuvuka uwanja zikapungua.

Asubuhi ndiyo ngumu. Watu wanafika alfajiri, madaktari wako kwenye ripoti kisha raundi wodini, OPD inachangamka jua limeshapanda. Hilo programu hailigusi, ni ratiba ya mganga mfawidhi. Uongozi wetu ulitaka kuongeza mabenchi, nikawapigia hesabu ya foleni aliyoithibitisha mtafiti Mmarekani John Little mwaka 1961: wakifika watu 30 kwa saa na kila mmoja akikaa saa 4, hapo ndani kwa wastani kuna watu 120. Muda ukishuka hadi saa 2 wanabaki 60, na mabenchi mliyonayo yanatosha.

Kama mna timu ya 5S-KAIZEN, ule utaratibu wa Kijapani wa kupanga sehemu ya kazi na kuboresha huduma kidogo kidogo (Wizara na JICA, shirika la misaada la Japani, walianza kuusukuma 2007, ingawa baadhi ya hospitali ziliishia kwenye kubandika lebo za rangi makabatini), wapeni kazi hii. Muuguzi, mtu wa maabara na keshia wakiangalia zile saa pamoja wanajua wenyewe tatizo liko wapi.

Mkimaliza hayo na bado mnataka skrini, ulizeni kama hiyo programu inasomana na GoTHOMIS. Isiposomana, muuguzi wenu ataandika jina la mgonjwa mara mbili na foleni itarefuka zaidi. Ulizeni umeme ukikatika namba zinaendeleaje. Halafu mwambieni muuzaji awaonyeshe, siyo kwa maneno, jinsi muuguzi anavyomtoa kichanga mwenye degedege kwenye namba 87 akamwingiza ndani sasa hivi. Akisema kila mtu anafuata tiketi yake, mshukuruni, mpeni nauli.