Mwanangu, kuhusu ule mshororo wa mizani sita

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sisi hatujambo, baba yako anakusalimu na goti lake linaendelea vizuri. Tuje kwenye lako. Umeniambia umeteuliwa kuwa mwamuzi wa shindano la uandishi, umepewa jedwali moja la alama kwa kazi zote, na katika rundo lilelile umekuta shairi la tarbia, hadithi ya upelelezi, shairi huru na kisa cha watu wanaoishi kwenye sayari nyingine. Unauliza: "Mama, ni haki kuzipima zote kwa kipimo kimoja?" Kisha umeniambatanishia mbili zilizofungana alama, ile tarbia na ile ya upelelezi, nikwambie ipi ishinde.

Jibu langu unalijua, umelisikia tangu ukiwa unasinzia mapajani mwangu: kila kazi ina ahadi yake, na isomwe kwa ahadi yake. Anayeandika hadithi ya upelelezi ameahidi kwamba dalili zote zitapita mbele ya macho yako, na ukifika mwisho ujilaumu mwenyewe kwa kutoziona. Ukimpunguzia alama kwa kuwa wahusika wake hawakukuliza, umemdai deni ambalo hakukopa. Yule wa sayari nyingine ameahidi ulimwengu wenye sheria zake. Akisema huko hewa haipo, basi mtu asije akawasha moto ukurasa wa kumi kwa sababu tu mwandishi kakwama. Mwenye tarbia ameahidi mishororo minne kila ubeti, mizani nane kwa nane, yaani silabi nane kila nusu ya mshororo, na vina, zile silabi za sauti moja, vya kati na vya mwisho. Mwenye shairi huru ahadi yake ni ngumu zaidi kuisikia, maana kila pumzi lazima aitafutie sababu yake, hana desturi ya kumbeba anapochoka.

Hilo ningeweza kukujibu kwa simu na tukamaliza. Lakini swali lako limenigusa mahali pengine. Wewe umeuliza namna ya kupima. Mimi tangu juzi nafikiria yule anayepimwa.

Unajua jinsi babu yako alivyokuwa kwenye habari za ushairi. Kile kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi, toleo la 1954, hakikuwekwa pamoja na vitabu vingine. Kilikaa peke yake, karibu na mkono wake. Mimi nikiwa na miaka 19 nilikuwa natembea na *Kichomi* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, yanayotaka kusema kwa lugha ya mazungumzo ya kila siku. Nje ya nyumba yetu wataalamu walikuwa wakivutana, wanamapokeo wakisema pasipo vina na mizani hapana shairi, wanamabadiliko wakisema umbo si roho. Ndani ya nyumba yetu mvutano ulikuwa wa watu wawili, na tulikuwa tukiufurahia. Hadi mwaka ule alipofariki mama yako mdogo, yule wa kwenye picha.

Nilikuwa naye usiku wa mwisho. Baada ya siku arobaini nikaandika. Na sikuandika shairi huru, mwanangu, hapo ndipo watu wa nyumbani wanapokosea wanapokisimulia kisa hiki. Niliandika utenzi, mizani nane kila mshororo, mishororo mitatu ya kina kimoja, na wa nne wenye bahari, kina kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti, kama babu yako alivyonifundisha. Beti zote zilikuwa kamili isipokuwa mshororo mmoja. Ubeti ulikuwa huu:

Usiku ukaingia,
Taa ikatufifia,
Nikakulilia,
Na jibu halikurudi.

Hesabu. Wa kwanza nane, wa pili nane, wa tatu sita, wa nne nane. Ule wa tatu niliukata kwa makusudi. Pumzi ya dada yangu ilikatika katikati, nami nikataka mshororo ukatike hivyohivyo, msomaji anyanyue mguu akose ngazi.

Nilimsomea jioni. Babu yako alipokuwa akisikiliza shairi alikuwa na tabia ya kugonga mizani kwa kidole juu ya mkono wa kiti. Nikasoma, kidole kikagonga. Nilipofika kwenye ule mshororo kidole kiligonga mara sita, kikainuka, kikabaki juu. Nikaendelea. Nilipomaliza alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Mshororo wa tatu wa ubeti wa saba una mizani sita. Hilo guni."

Hakuongeza neno. Nilikunja karatasi yangu nikatoka. Guni, yaani shairi lenye kasoro ya vina au mizani! Binti yake mmoja kaburini, mwingine mbele yake na machozi, naye anahesabu. Kwa miaka mingi nililishikilia neno lile kama ushahidi wa yote yaliyo mabaya katika kuhukumu. Nikaapa sitamsomea tena, na kweli sikumsomea.

Nadhani msimamo wangu juu ya ahadi ulizaliwa siku ile. Lakini tazama sasa ninavyobishana na nafsi yangu. Utenzi wangu uliahidi nini? Uliahidi mizani nane! Mimi mwenyewe niliiweka ahadi hiyo kwa beti sita nzima, mshororo kwa mshororo, kisha nikaivunja. Kwa hukumu yangu mwenyewe, hii ninayokuimbia tangu utotoni, babu yako alikuwa na haki. Alisoma kazi yangu kwa ahadi yake, nami nikamwita katili.

Halafu najijibu: hapana, ahadi huvunjwa kwa sababu, na aliyevunja kwa sababu si sawa na aliyeshindwa kuhesabu. Hili nalo ni kweli. Lakini msomaji atatofautishaje? Hamwoni mwandishi, anaiona karatasi tu. Njia pekee ninayoijua ni kuangalia yaliyobaki. Mtu aliyetimiza mishororo mia moja kwa uaminifu akakosa mmoja, na mmoja huo umeangukia hasa pale pumzi inapokatika, huyo mwulize mara mbili kabla hujamkata alama. Aliyekosakosa kila mahali, pengo lake moja halisikiki. Na kama ningeandika shairi huru tangu mwanzo, mizani sita zisingekuwa pengo kwa yeyote.

Kwa hiyo nani alilisikia pengo langu? Nililisoma shairi lile kwa rafiki zangu, wote wapenzi wa Kezilahabi kama mimi, na wote waliniambia ni zuri sana. Hakuna hata mmoja aliyeona kuna kitu kimekatika. Aliyehesabu ndiye aliyesikia. Kidole chake ndicho kilichokosa ngazi.

Babu yako alipofariki, kitabu cha Amri Abedi nilikichukua mimi, wajomba zako walikubali. Ndani nilikuta karatasi imekunjwa mara nne. Utenzi wangu wote, ameunakili kwa mwandiko wake ule ulioinama. Sijui aliukumbuka au aliipata karatasi yangu. Beti zote ziko kama nilivyoziandika, ila ule mshororo mmoja ameurekebisha:

*Mwana nikakulilia.*

Mizani nane. Amejaza pengo kwa neno moja la silabi mbili, na kwa neno hilo anayelia si dada tena, ni baba.

Nimekaa na karatasi ile miaka, na bado sijui niseme nini. Kuna siku nasema aliniharibia shairi. Lile pengo lilikuwa ndilo shairi lenyewe, naye kalifukia kwa sababu masikio yake hayakuvumilia. Emily Dickinson, mshairi wa Marekani, alifariki mwaka 1886 akiacha mashairi chungu nzima ambayo hayajachapwa, na wahariri wa toleo la kwanza la 1890 wakamnyooshea vina na kumbadilishia alama za uandishi, wakidhani wanamsaidia. Ilibidi wasomaji wangoje hadi 1955 ndipo wayaone mashairi yake yote karibu na alivyoyaacha kwa mkono wake. Wahariri wale walimpenda. Kupenda kazi na kuisikia ni mambo mawili.

Kuna siku nyingine naona babu yako hakusahihisha chochote. Alikuwa ameona nafasi tupu ya ukubwa wa neno lake, basi akaingia. Siku hizo naona mshororo wake ni bora kuliko wangu, na naumia, na nafurahi, vyote pamoja.

Wewe unataka kigezo, nami nakusimulia kiti na kidole. Nivumilie. Ninachotaka ukione ni kwamba babu yako hakukosea kuhesabu. Alikosea kuishia kwenye hesabu. Angesema, "Kuna mizani sita hapa, kwa nini?" mimi na yeye tungezungumza hadi alfajiri, na miaka yote ile isingepotea. Jedwali lako la alama lina safu ya "umbo". Sawa, lijaze. Lakini kwanza uliza kwa nini.

Na usidhani wenye mashairi peke yao ndio wanaohukumiwa hivyo. Kaka yako alipokuwa akificha riwaya zake za upelelezi chini ya mto nilimwuliza zinamfundisha nini, swali ambalo sikuwahi kumwuliza mtu mwenye diwani ya mashairi mkononi. Muhammed Said Abdulla alitupa mpelelezi Bwana Msa katika riwaya iliyochapishwa 1960, watu wakamfuata kutoka kitabu hadi kitabu, lakini hadithi za upelelezi kwa jumla zimewekwa kwenye kapu la "riwaya pendwa", kana kwamba kupendwa ni dosari ya uandishi. Kaka yako aliniambia jambo moja ambalo sijalisahau: kwamba yeye husoma riwaya hizo mara mbili, mara ya pili ili aone mwandishi alivyomficha mambo hadharani. Huo ni usomaji makini kuliko ule ninaouona kwa watu wengi wenye diwani. Sikumwambia. Mwambie wewe, au nitamwandikia.

Ila hapa tena nafsi inanisuta. Je, ahadi zote ni sawa? Mwenye kuahidi kikombe akakijaza pomoni, na mwenye kuahidi kisima akachimba akafika nusu, nani apewe tuzo? Msimamo wangu unampa wa kikombe. Moyo wangu mara nyingi unampa wa kisima. Nimejaribu kuliweka sawa hili tangu ukiwa shuleni na sijaliweka. Labda kila mwamuzi lazima aseme wazi kabla ya kuanza: sisi tunatuza kilichotimia, au tunatuza kilichothubutu. Wenzako wamesema? Kama hawajasema, mtafungana alama kila mwaka, maana mmoja anapima kikombe na mwingine kisima, na wote wanaandika nambari ileile.

Sasa hizo kazi mbili. Kulikuwa na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, I. A. Richards, aliyewapa wanafunzi wake mashairi yasiyo na majina ya watunzi na kuwataka waandike wanayoyaona. Kitabu alichokitoa mwaka 1929 kina mashairi 13 pamoja na maoni hayo, na watu wale waliosoma sana waliyakandia ya watunzi wakubwa na kuyasifu mengine yaliyosahaulika leo. Miongoni mwa vizuizi alivyovitaja ni kumbukumbu za msomaji mwenyewe zinazoingia bila kualikwa, na kudai mbinu fulani iwepo hata shairi lisipoihitaji. Nimezisoma kazi zako mbili nikajiona ninavyo vyote viwili. Ile tarbia nilianza kuigonga kwa kidole kabla sijaelewa inasema nini, na kila hesabu ilipotimia nikafurahi. Furaha hiyo ni ya babu yako, si ya yule mtunzi. Ile ya upelelezi nimeisoma nikimwona kaka yako na mto wake, nikataka ishinde ili nimlipe deni. Mwamuzi wa namna hii hafai, na kwa hiyo sisemi.

Inaniwia vigumu, ninalo jibu na limenikaa kooni tangu juzi. Sisemi. Ila kabla hujajaza jedwali lako, lisome lile shairi kwa sauti, hasa ubeti wa tano, usikilize kama kile kina cha kati kimekuja chenyewe au kimeburutwa. Halafu rudi ukurasa wa nne wa ile hadithi, pale ufunguo unapotajwa mara ya kwanza, uone nani ameushika. Mimi jina nimeliandika kwenye karatasi, nimeikunja nikaitia ndani ya kile kitabu cha babu yako, kando ya ile nyingine. Ukija utaikuta.

Mama yako