Difu ya Hilux yenye kutu: fungua kwanza, ndipo uamue

Vijana, masika yakipita gereji hujaa Hilux kuukuu zilizovuka maji, na kosa ni lile lile. Mmoja anachungulia chini, anaona hausingi, yaani ganda la chuma la difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), imekula kutu, anamwambia mwenye gari atafute ya mtumba. Mwingine anapaka rangi nyeusi juu ya kutu na kukabidhi gari. Hakuna aliyefungua.

1. Legeza nati ya kujazia kabla ya nati ya kumwagia. Ile ya kujazia ikigoma wakati oili imeshamwagika, gari halitoki gereji.

2. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Difu ya moto ikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio (tundu la hewa la difu) au sili iliyochoka. Pitisha sumaku kwenye oili uliyokinga: ungaunga laini ni wa kawaida, vipande vyenye ncha ni meno au beringi.

3. Meno. Hapa ndipo mnapoharibu kazi, kwa hiyo tulieni. Chomoa eksili na propela, fungua nati kumi, toa kichwa (fungu zima la gia na beringi zake), osha kwa dizeli, kausha. Kabla ya kulegeza chochote kwenye kichwa hicho, pima kwa dial geji (saa ya kupimia) uchezaji wa krauni, ile gia kubwa ya duara. Kwenye difu hii ya inchi 8 unatakiwa uwe milimita 0.13 hadi 0.18. Andika. Kisha pitisha ukucha juu ya kila jino, upande wa kusukuma na wa kurudi nyuma. Doa la kahawia ambalo ukucha hauligusi ni doa tu, krauni hiyo inaishi. Ukucha ukikwama, hicho ni kishimo, na msasa hauponyi kishimo. Nawaona mnachukua msasa, wengine grainda yenye brashi ya waya, meno yanang'aa na mteja anafurahi. Ugumu wa jino uko kwenye ngozi yake ya juu, nayo ni nyembamba. Ukiikwangua umebadilisha umbo la jino, na kishimo kilichobaki kinaanza kumeguka kikibeba mzigo. Kwanza utasikia mlio gari likishika mwendo, kisha vipande vinaingia kwenye beringi, mwishoni jino linakatika mlimani gari likiwa na shehena. Na msithubutu kubadilisha pinioni, gia ndogo inayozungusha krauni, peke yake! Krauni na pinioni zilisagwa pamoja kiwandani, hununuliwa pamoja.

4. Beringi yenye kishimo hata kimoja, tupa pamoja na kikombe chake (pete yake ya nje). Kofia zinazobana beringi za krauni zipige alama za kushoto na kulia kabla hujafungua. Zikibadilishana, beringi haikai sawa.

5. Hausingi ikwangue, igonge kwa nyundo ndogo. Bakuli la nyuma likitoboka linachomelewa, baada ya kuosha oili yote. Bomba la eksili likiliwa pale linapokalia springi, hiyo hausingi ni chuma chakavu, hata kama meno ni mazima.

6. Meno mazima na beringi mbovu: okoa. Meno yenye vishimo: tafuta kichwa cha mtumba, na uhesabu meno dukani. Krauni 41 kwa pinioni 10 ni 4.1, 43 kwa 10 ni 4.3. Gari la foo-bai-foo likiwa na 4.1 nyuma na 4.3 mbele, ukiunganisha mbele kwenye lami kavu utavunja kitu.

Ukifunga, weka oili ya gia ya daraja la GL-5, kipumulio kipya, na mpira wake uupandishe hadi juu ya chesisi.