Daktari kasema tuondoke saa nne asubuhi, tumetoka saa mbili usiku

SWALI: Dada Nesi habari. Mi ni baba wa mtoto wa miaka 3, tupo Mbagala. Ijumaa saa nane usiku mwanangu homa ikapanda akakakamaa, macho juu, mate yanamtoka, jirani kaja na kijiko anataka amtie mdomoni, mama mkwe naye anasema degedege halichomwi sindano, mkimpeleka hospitali mtamuua. Nikamfunga kanga ya mama yake nikakimbilia bajaji. Pale emejensi siwalaumu, hata jina hawakuuliza kwanza, wakamwekea dawa nyuma kwa kibomba kisicho na sindano, wakamtoboa kidole kupima sukari, kipimo cha malaria kikatoa mistari miwili. Kachomwa sindano za malaria, Jumapili asubuhi daktari wa raundi kaandika ruhusa. Hapo sasa! Mara faili lipo kwa mhasibu, mara mtandao unasumbua kontroo namba haitoki, mara famasia hawajatoa dawa, mtoto anakimbia koridoni na kanula mkononi, kale kamrija ka kupitishia dawa kwenye mshipa, tena kitanda chenyewe wanalala wawili. Nusura nimbebe niondoke zangu. Ningekosea? Na mbona nadaiwa, si nasikia watoto ni bure?

JIBU: Pole baba, na hongera kwa ile bajaji. Ungekosea, tena sio kwa sababu ya hela. Ile kanula ni njia ya wadudu kuingia kwenye damu, na sindano za malaria peke yake hazimalizi kazi, lazima afuatishe vidonge, mara nyingi ALu, yaani dawa mseto ya malaria, siku 3. Dozi ya pili masaa 8 baada ya ya kwanza, halafu kila masaa 12, na ampe na maziwa au uji wenye mafuta kidogo. Sasa ungeondoka bila hivyo vidonge nyumbani ungempa nini?

Mi nimefanya kazi wodini, nakwambia daktari akiandika ruhusa yeye kamaliza, ila faili ndo linaanza safari, na wikendi aliyepo dirishani ni mmoja anahudumia wodi zote. Mkishasikia tu "kesho huenda mkatoka" mfuate nesi wa zamu jioni ile ile, muulize faili litapita wapi na dawa zipo au mkanunue nje. Sio kusumbua huko, wengine wanaona aibu wanakaa kimya mpaka giza linaingia.

Kuhusu hela, Sera ya Afya ya 2007 inasema watoto chini ya miaka 5 hawalipi kwenye vituo vya serikali. Ila dirishani ni hadithi nyingine, kwa hiyo ukiandikiwa bili nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitali, na nenda siku ya kazi, usingoje Jumapili.

Jirani mwambie kijiko kinavunja meno, mtoto analazwa ubavu basi. Mama mkwe mwambie taratibu, shikamoo mbele, kwamba sindano ndo zimemrudisha mjukuu wake.

Halafu kwa wiki nne hizi mchungulie mkojo. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au viganja na midomo vikipauka, mrudishe siku hiyo hiyo, na useme alichomwa sindano za malaria.