“Mfumo umekataa”: maswali yenu kuhusu akili mnemba katika huduma za umma

Maswali ya safari hii yametoka kwa watumishi wa umma, isipokuwa moja la mwananchi. Nimelitanguliza hilo, kwa sababu wengine wote waliouliza wameajiriwa kumhudumia yeye.

Niliomba msaada wa serikali nikanyimwa. Karani aliniambia “mfumo umekataa” na hakuwa na la kuongeza. Nifanye nini?

Aliyekataa ni ofisi, na ofisi ina mkuu wake. Mwandikie, ubaki na nakala, umuulize mambo matatu: uamuzi huu ni wa afisa mwenye cheo gani, ulitegemea taarifa zipi zinazokuhusu, na rufaa inapelekwa wapi, ndani ya muda gani. Omba pia uzione hizo taarifa. Kosa huweza kuwa dogo tu, kama jina lililoandikwa kwa namna mbili au kipato cha kazi uliyokwisha kuiacha. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, inayotumika tangu 2018, na ile ya Kenya ya 2019 zinampa mtu haki ya kutoamuliwa mambo mazito na mashine peke yake. Itafute ya nchi yako, uitaje katika barua.

Wakuu wa idara mnaosoma hapa, kama karani wenu hawezi kujibu maswali hayo matatu, mfumo huo haujawa tayari kuwashwa.

Tumeagizwa tuwe na akili mnemba kabla mwaka wa fedha haujaisha. Tuanzie wapi?

Anzieni kwenye daftari la malalamiko. Watu wanakwama wapi? Pengine ni fomu isiyoeleweka, na dawa yake ni kuiandika upya bila kununua chochote. Pengine ni barua zinazokaa bila kufika dawati linalohusika, na hapo programu ya kuzichambua na kuzipanga inafaa kweli, kwa sababu ikikosea barua inarudishwa na hakuna aliyelala njaa.

Kinachoamua tahadhari ni uzito wa madhara, wala si ustadi wa teknolojia. Australia, kati ya 2015 na 2019, ilidai watu madeni ya ruzuku kwa mpango uliokuja kuitwa Robodebt. Hesabu yake ilikuwa nyepesi mno: ilichukua kipato cha mwaka mzima na kukigawa sawasawa kwa kila wiki mbili. Kibarua aliyefanya kazi miezi michache, kisha akakaa bila kazi, akaonekana alikuwa na kipato siku zote, na akatakiwa yeye athibitishe kwamba hadaiwi. Mamia ya maelfu ya watu walidaiwa isivyo halali, na tume ya uchunguzi ilitoa ripoti nzito mwaka 2023. Kama hesabu ya kugawanya iliweza kuumiza watu kiasi hicho, mfumo ambao hata wenye nao hawawezi kuueleza unahitaji ulinzi mkubwa zaidi.

Canada ina utaratibu mzuri wa kuigwa. Kwa agizo la 2019, taasisi za serikali kuu zinatakiwa kujibu dodoso la athari kabla ya kuutumia mfumo wa maamuzi. Majibu yanauweka mfumo katika ngazi moja kati ya nne, na katika ngazi mbili za juu uamuzi wa mwisho lazima ufanywe na binadamu.

Kwetu kila pendekezo la mfumo linapitiwa na afisa. Hiyo haitoshi?

Hapa ndipo ninapoomba msikilize kwa makini, kwa sababu jibu hili hutolewa kwa nia njema na mara nyingi halina kitu ndani yake.

Uholanzi ilikuwa na maafisa. Mamlaka ya kodi ilitumia mfumo wa kupima hatari kwenye maombi ya ruzuku ya malezi ya watoto, na kutokuwa raia wa Uholanzi kulikuwa miongoni mwa vigezo vya kumwongezea mtu alama. Majalada yenye alama kubwa yalipelekwa kwa mtumishi ayapitie, lakini hakuelezwa kwa nini yamechaguliwa. Angepinga kwa hoja gani? Maelfu ya familia walitakiwa kurudisha fedha zote walizopokea. Wengine walipoteza nyumba, na Januari 2021 serikali nzima ilijiuzulu.

Afisa anayepewa majalada mia moja kwa siku, huku akipimwa kwa idadi anayoyamaliza, atabonyeza “kubali”. Si uvivu. Kumkubalia mfumo hakuulizwi, kumpinga kunaandikiwa maelezo, na sisi wanadamu huelemea upande usiotugharimu. Kwa hiyo mpeni muda, mpeni sababu za alama, na mpeni mamlaka ya kutengua bila kuomba ruhusa. Mahali pengine inafaa asome jalada kwanza, aandike maoni yake, ndipo aoneshwe alama. Kisha hesabuni kila mwezi ni mara ngapi maafisa wametofautiana na mfumo. Ikiwa ni sifuri, msifurahi. Chukueni majalada machache, myapitie upya na mtu ambaye hajaiona alama.

Tayari tumetumia fedha nyingi, na majaribio yanaonesha upendeleo. Tuendelee tukirekebisha?

Jiji la Amsterdam lilitengeneza mfumo wa kuchuja maombi ya msaada wa kijamii, likafuata karibu kila ushauri wa wataalamu, likaujaribu mwaka 2023. Upendeleo ukaonekana, wakauacha. Ninawaheshimu sana kwa hilo. Mkiweza kurekebisha na kupima tena kabla haujamgusa mwananchi, sawa. Fedha zilizokwisha kutoka zisiwe hoja.

Tunataka programu ya mazungumzo ijibu maswali ya wananchi. Kuna ubaya?

Ipo hatari moja kubwa: hujibu kwa uhakika hata inapokosea. Mwaka 2024 ile ya jiji la New York ilibainika kuwaambia waajiri kwamba wanaweza kuchukua sehemu ya bahashishi za wafanyakazi, jambo ambalo sheria inalikataza. Ifungeni kwenye nyaraka zenu rasmi, ioneshe ibara ilikotoa jibu, na simu ya mtu iwepo pale pale. Ijaribuni kwa Kiswahili cha watu wenyewe, chenye makosa ya tahajia na maneno yaliyochanganywa, siyo kwa sentensi zilizoandaliwa ofisini.

Wenzangu wananakili taarifa za wateja kwenye programu za bure ili wafupishiwe barua. Ni sawa?

Hapana. Zikishaondoka, hamjui zinahifadhiwa wapi. Lakini wapeni chombo kilichoidhinishwa haraka, la sivyo wataendelea kwa siri.

Mkataba na mzabuni uwe na nini?

Haki ya kuukagua mfumo ndani nje, data zibaki mali ya umma, taarifa ya maandishi kabla ya kila badiliko, na kifungu cha kusitisha bila adhabu mfumo ukionekana unaumiza watu. Mzabuni akisema siri za biashara zinamzuia kueleza jinsi maamuzi yanavyofikiwa, tafuteni mwingine.