Bomba lako linavuja?

Misimu sita nilipulizia dawa ya kuua majani kwa bomba linalovuja. Nikimaliza heka mbili za shamba la mahindi, shati limeloa mgongoni, nami najiambia ni jasho. Mke wangu ndiye aliyegundua siku moja akifua: "Baba watoto, hili si jasho. Shati linanuka dawa."

Shati lile hunijia kichwani kila ubishi unapozuka pale kwenye mashine ya kusaga. Kijana mmoja ameona kwenye simu kwamba Wamarekani wanalipwa mapesa kwa sababu dawa hii imewapa kansa. Shemeji yangu, mwenye heka nane na asiye na hela ya vibarua wa palizi, anamjibu: "Natumia mwaka wa kumi huu, mbona sijafa?" Hapo kelele huanza, na mashine inanguruma, hakuna anayemsikia mwenzake.

Kesi zipo kweli. Dawa yenyewe ni glyphosate, ambayo kampuni ya Monsanto iliiingiza sokoni mwaka 1974 kwa jina la Roundup. Mwaka 2015, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kundi la 2A, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Nyama nyekundu nayo imo kundi hilohilo, na sijaona mtu kijijini kwetu akiikimbia. Kundi linakwambia kitu kinaweza kudhuru. Halikwambii ni kiasi gani kitakudhuru wewe. Mamlaka ya mazingira ya Marekani inashikilia kwamba haielekei kuleta saratani, na Ulaya mwaka 2023 iliiongezea kibali cha miaka 10.

Mahakamani mambo yalikwenda kivyake. Dewayne Johnson, aliyekuwa akipulizia viwanja vya shule huko California, alipata saratani ya mitoki, akashtaki, na mwaka 2018 baraza la mahakama likaamua alipwe dola milioni 289. Baada ya rufaa zikabaki milioni 20.5. Bayer, walioinunua Monsanto mwaka huohuo wa 2018, walikubali mwaka 2020 kutoa zaidi ya dola bilioni 10 kumaliza maelfu ya kesi, bila kukiri kosa. Hoja kubwa dhidi ya kampuni ilikuwa kwamba haikuwaonya watumiaji.

Lakini kuna kipande ambacho pale mashineni hakitajwi. Johnson alieleza kwamba kifaa cha kupulizia kiliwahi kumharibikia kazini, dawa ikammwagikia mwilini. Niliposoma hapo niliacha kubishana, nikaenda stoo kuliangalia bomba langu.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanzia kwenye bomba. Lijaze maji matupu, livae mgongoni ukiwa na shati kavu, tembea kama unapulizia, kisha vua shati ulitazame. Likiwa limeloa, badilisha viraba vya ndani au kaza mpira kabla dawa haijaingia humo. Vaa gambuti, suruali ndefu na glavu za mpira, hasa wakati wa kuchanganya, maana hapo ndipo dawa iko kali kuliko wakati wote. Nozeli ikiziba usiipulize kwa mdomo. Nimeshafanya hivyo, sijivunii.

Jambo jingine ni maji. Wengi tunachota ya dimbwi, yana tope, na glyphosate hujishika kwenye udongo ikapoteza nguvu. Majani hayafi, tunasema dawa ni feki, tunaongeza vifuniko viwili. Unalipa zaidi, unajimwagia zaidi, na magugu yanakucheka. Chota maji safi, fuata kipimo cha kwenye lebo, subiri. Magugu huchukua wiki moja hadi mbili kukauka.

Ukiona yameungua siku hiyohiyo au kesho yake, jiulize umeuziwa nini. Huenda ni paraquat, dawa nyingine ya kuua majani, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Ulaya iliipiga marufuku mwaka 2007. Funda moja linaweza kuua mtu mzima, na haina dawa ya kuizimua. Sisi tunabishania kansa ya miaka ishirini ijayo huku chupa ya soda yenye paraquat iko chini ya kitanda, mtoto akirudi shule na kiu! Usikubali kamwe kupimiwa dawa kwenye chupa ya soda au ya maji. Nunua kopo lililofungwa, lenye lebo na namba ya usajili, ulifungie mahali pasipofikika.

Wiki iliyopita shemeji alikuja na bomba lake, akinicheka. Tukajaza maji ya kisimani, akazunguka nyumba mara tatu. Alipovua shati, mgongo wote ulikuwa unachuruzika. Hakusema kitu. Aliniuliza tu viraba nilinunua duka gani.