Pete ya uke ya kuzuia mimba imechomoka usiku, ufanyeje?

Umeikuta kitandani asubuhi, uko wiki ya 2 ya kuivaa, na hujui ilitoka saa ngapi. Basi chukulia imekaa nje zaidi ya masaa 3, kikomo kilichowekwa na maelekezo ya pete inayovaliwa wiki 3. Ioshe kwa maji baridi au vuguvugu, si ya moto, uirudishe sasa hivi: ibane pande mbili zikutane, uisukume ndani. Ikikukera, haijafika mbali. Isogeze kwa kidole. Tumia kondomu siku 7 mfululizo. Tarehe ya kuitoa haibadiliki.

Mara nyingi huchomoka kwenye tendo la ndoa, kutoa tamponi au kujikamua chooni, hasa ukiwa na choo kigumu. Kagua kwa kidole baada ya hapo.