Jibu: LIMIT haishushi bili ya BigQuery, na laptopu haina kosa

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Kwa kifupi: mna jedwali la nukta za GPS za malori kwenye BigQuery (hifadhidata ya Google ya mtandaoni), gigabaiti 60, unalivuta kwa skripti ya Python kila nusu saa kwa SELECT *, umeweka LIMIT 1000 ili ije mistari 1000 tu lakini bili haijatikisika, na ukiiondoa LIMIT laptopu ya RAM gigabaiti 4 inaganda. Unauliza kama ubadilishe maktaba ya Python inayoongea na BigQuery au ununue mashine nyingine.

Vyote viwili acha. Mimi niko Tanga, kazi yangu ni kumbukumbu za maziwa za ushirika wa wafugaji, vituo vinaanzia Pangani hadi milima ya Lushoto, na maktaba ninayotumia ni hiyo hiyo yako, google-cloud-bigquery. Haina tatizo. Inatuma swali, inasubiri, inaleta majibu. Kulinda mfuko wako si kazi yake mpaka uiagize.

Tuanze na LIMIT, maana hapo ndipo wengi wanaliwa. BigQuery huhifadhi data kolamu kwa kolamu, na kwa malipo ya kadiri unavyotumia unatozwa baiti zilizosomwa kwenye kolamu ulizozitaja, si mistari iliyokufikia. Ukisema SELECT * umezitaja zote. LIMIT inakata mwishoni, kazi ikiwa imeshafanyika. Ni sawa na kukodi Fuso zima kwenda Lushoto kufuata kikapu kimoja cha mapeasi: nauli ni ya Fuso.

Piga hesabu. Gigabaiti 60 kila nusu saa, mara 48 kwa siku, ni gigabaiti 2,880. Bure unapewa tebibaiti 1 kwa mwezi, yaani karibu gigabaiti 1,100. Skripti ikianza saa sita usiku wa tarehe 1, ikifika saa tatu asubuhi umeshaimaliza ya mwezi mzima. Baada ya hapo kwa Marekani ni dola 6.25 kila tebibaiti, na kanda nyingine zina bei zake.

Dawa ni mbili. Taja kolamu unazohitaji tu, kisha hakikisha jedwali limegawanywa kwa tarehe (partition), ili swali lisome siku ulizozitaja tu. Kama halijagawanywa, tengeneza jipya kwa CREATE TABLE ... PARTITION BY DATE(muda) AS SELECT ..., utalipia kulisoma zima mara moja, basi. Ukiwa hapo hapo weka na require_partition_filter = TRUE. Hiyo inakataa swali lolote lisilotaja tarehe, hata likitoka kwa bosi. Mimi naipenda kuliko nasaha za vikaoni.

Sasa upande wa msimbo wa Python. Hivi ndivyo ninavyoandika, nimepunguza tu:

```
from google.cloud import bigquery

mteja = bigquery.Client(project="mradi-wetu",
                        location="africa-south1")

sql = """
SELECT mfugaji, SUM(lita) AS jumla
FROM `maziwa.mapokezi`
WHERE muda >= @kuanzia AND muda < @mpaka
  AND kituo = @kituo
GROUP BY mfugaji
"""

P = bigquery.ScalarQueryParameter
mpangilio = bigquery.QueryJobConfig(
    query_parameters=[
        P("kuanzia", "TIMESTAMP", kuanzia),
        P("mpaka", "TIMESTAMP", mpaka),
        P("kituo", "STRING", kituo),
    ],
    maximum_bytes_billed=500_000_000,
)

kazi = mteja.query(sql, job_config=mpangilio)
print(kazi.job_id)
for mstari in kazi.result():
    print(mstari.mfugaji, mstari.jumla)
```

Mstari wa thamani kuliko yote hapo ni maximum_bytes_billed. Swali likikadiriwa kusoma zaidi ya megabaiti 500, linagoma kabla ya kuanza na hutozwi hata senti. Mtu akiniletea skripti isiyo na mstari huo siipitishi. Na kabla ya kuweka kikomo, pima kwanza: tengeneza mpangilio wenye dry_run=True na use_query_cache=False, tuma swali, kisha soma kazi.total_bytes_processed. Kupima huko ni bure.

Kuhusu zile parameta zenye @. Najua kuna wanaounganisha maneno kwa f-string ya Python, yaani kubandika thamani moja kwa moja ndani ya swali la SQL, wanasema ni rahisi. Sawa, ngoja akutane na kituo kinachoitwa Ng'ambo. Ile alama ya juu ya ng' inafunga maneno ya SQL katikati, na swali zima linavunjika. Sisi tuna ng' kwenye majina ya watu, ya vijiji, hata ya ng'ombe wenyewe! Ukiipitisha kama parameta, Ng'ambo inafika salama. Na mwenye nia mbaya naye hapati mwanya wa kuchomeka SQL yake kwenye fomu yako.

Jambo jingine naona kwa vijana wanaotoka kwenye hifadhidata ya MySQL: kuweka swali ndani ya kitanzi. Kwa kila mfugaji, uliza lita zake. Mfugaji anayefuata, uliza tena. MySQL huvumilia. BigQuery ina kiwango cha chini cha megabaiti 10 kwa kila jedwali kwenye kila swali, hata jibu likiwa mstari mmoja. Wafugaji 3,000 ni gigabaiti 30 kwa mzunguko mmoja, mbali na sekunde zinazopotea kila swali linapoanza. Swali moja lenye GROUP BY, linalojumlisha kwa kila mfugaji, linamaliza kazi yote. Kwako wewe badala ya mfugaji weka namba ya gari.

Halafu saa. Kolamu ya muda ya aina ya TIMESTAMP inahesabiwa kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa 3 mbele. Boza la maziwa likipokelewa saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1, kwa UTC bado ni saa tano usiku ya siku iliyotangulia. Ukiandika DATE(muda) bila kitu kingine, shehena hiyo inaangukia mwezi uliopita, na dereva anakuja ofisini na hati yake ya makabidhiano mkononi, tarehe imeandikwa kwa kalamu na muhuri juu yake. Hapo huwezi kumwambia habari za UTC. Andika DATE(muda, 'Africa/Dar_es_Salaam') unapopanga kwa siku. Lakini kwenye WHERE iache kolamu yenyewe bila kuivisha kitu kama DATE(), kama nilivyofanya juu, mipaka uiandae kwenye Python kwa ZoneInfo ya Dar es Salaam. Ukiivisha kolamu, unaweza kujikuta unasoma tena jedwali zima. Malori yenu yanatembea usiku, kwa hiyo hili litakugusa kuliko lilivyonigusa mimi.

Laptopu kuganda: bila shaka unaita to_dataframe() kwenye matokeo makubwa. Hiyo inayajaza yote kwenye RAM kwa mkupuo. Ukiyapitia kwa for kama hapo juu, maktaba inayaleta ukurasa kwa ukurasa. Ila kwa maoni yangu, ukiona unahitaji mistari milioni kadhaa kwenye laptopu, rudi kwenye SQL ujiulize ni hesabu gani imebaki nyuma. Jumla, wastani, kilomita kwa gari kwa siku, vyote fanya huko huko, ulete mistari mia mbili. Bando lenyewe litakushukuru. Kama kuna kolamu ya fedha, iwe NUMERIC. Python itaipokea kama Decimal, na ukijaribu kuijumlisha na float itakupigia kelele. Iache ipige, ina haki.

Umesema pia mtandao ukikata unaanza upya. Huna haja. Swali likishapokelewa linaendelea huko huko hata umeme ukizimika kwako. Ndiyo maana nachapisha job_id, namba ya swali hilo. Mtandao ukirudi: mteja.get_job(namba, location="africa-south1"), kisha .result(). Majibu hukaa kwenye jedwali la muda kwa takribani saa 24, na kuyachukua si kuuliza tena.

Hiyo location usiisahau. Ukipata kosa linalosema dataset (kundi la majedwali) haionekani kwenye US wakati unaiona kwa macho yako kwenye ukurasa wao, karibu kila mara ni kwamba data iko kanda nyingine.

Ruhusa nazo kwa haraka: akaunti ya huduma, ile skripti inayoingilia, inahitaji Job User kwenye mradi na Data Viewer kwenye dataset. Ukiwa na ya pili peke yake utapata kosa la 403 (huna ruhusa) linalotaja bigquery.jobs.create. Kwenye mashine yako tumia gcloud auth application-default login, na faili la ufunguo la JSON lisikae kwenye folda unayoipandisha GitHub.

Fanya dry_run leo kwa swali lako lilivyo sasa, kisha kwa kolamu tatu na siku moja. Weka hapa namba zote mbili pamoja na jinsi jedwali lilivyogawanywa, kama limegawanywa, tuangalie kikomo cha kukuwekea.